Sufuria ya Mgeni
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa shirika letu)

  

Komite imeniomba niseme juu ya neno la tatu la programu ya leo, yaani Kapu la Mgeni. Munajua namna linavyofanya kazi. Kila memba anatoa franga 1000 kwa mwezi, na nyumba inayopokea watu waliokimbia vita inapata unga, sabuni na mafuta kidogo kwa siku za kwanza. Sasa kapu liko tupu. Wenzetu wengine wamesema tulifunge, kwa sababu wageni hawaishi na sisi wenyewe hatujasimama. Neno hilo si baya. Mtu mwenye njaa ana haki ya kuhesabu.

Munanijua kama ajenti wa ONG, yule anayepita na orodha na kalamu. Leo nimeacha kalamu nyumbani. Nitawaeleza njia ambayo familia yetu imetembea, kutoka Mboko mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma mpaka Mboko tena. Kisha mtapiga kura kama mnavyotaka.

Baba yangu alikuwa mchungaji. Kabla ya vita alikuwa na kapela za kule juu milimani, na alizifikia kwa miguu. Mchungaji anayepanda milima hana hoteli. Jua likizama, analala kwa Mkristo wa karibu, anakula walichopika, anaombea watoto, na asubuhi anaendelea. Kwa hiyo nyumba yetu ya chini, kando ya ziwa, ilikuwa na deni kwa milima yote. Mtu wa kule juu akishuka kuuza maharage ao kuleta mgonjwa, alikuwa analala kwetu, na hakuna aliyemuuliza atakaa siku ngapi. Mama alikuwa na sufuria moja aliyoiita sufuria ya mgeni. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuigusa mpaka saa mbili ya usiku. Kama hakuna mtu aliyekuja, ndipo tulikula kilichomo. Nikubali kwamba siku nyingine tuliomba Mungu asilete mtu.

Mwisho wa mwaka 1996 vita vilipoteremka kutoka Uvira, nilikuwa na miaka saba. Tulipanda boti usiku, baba, mama, yaya wangu, dada wawili na mimi. Baba alibeba Biblia na daftari la ubatizo. Mama alibeba ile sufuria. Ziwa lilichafuka, mwenye boti akasema mizigo itupwe. Daftari lilibaki kwa sababu lilikuwa ndani ya koti la baba. Sufuria ilienda majini. Mama hakulia kwa nyumba, alilia kwa sufuria, na mimi sikuelewa.

Tulishukia kwenye kijiji cha wavuvi upande wa Kigoma, asubuhi, tumelowa wote. Baba alisimama mchangani bila kujua aende wapi. Huyu ni mtu aliyekuwa anakaribishwa kila mahali, na sasa hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Mama mmoja mzee akatoka kuanika dagaa, akatutazama, akasema: "Hao watoto wanatetemeka. Leteni ndani." Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza baadaye, tulipokwisha kunywa uji.

Alikuwa Mwislamu, mjane, na nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Chumba kimoja akatuachia, na chumba cha pili akalala na wajukuu wanne. Alituambia tumwite Bibi. Hapo baba akaona haya, kwa maana kwetu bibi ni mke wa mtu, na kule bibi ni mama wa mzazi wako. Mama alicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu tuvuke. Baadaye Bibi akatuambia kwamba babu yake mwenyewe alitoka ng'ambo yetu, ni mtu wa Manyema. Kigoma na Ujiji kuko jamaa nyingi za namna hiyo, watu ambao wazazi wao walivuka zamani kutoka Kongo. "Na yeye alifika amelowa," akasema Bibi. "Mtu fulani alimpa uji."

Tulikaa kwake siku kumi na moja. Watanzania wana msemo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Baba hakungoja apewe. Siku ya tatu alianza kutengeneza ua wa jiko uliokuwa umeanguka. Wakati wa swala, Bibi alienda kwenye mkeka wake. Baba alitoa kofia, akakaa kimya. Jioni baba alipotuongoza katika maombi, Bibi aliwanyamazisha wajukuu. Sikuona hata siku moja wakibishana juu ya dini. Walibishana juu ya samaki. Bibi alisema dagaa, mama alisema ndakala, na kila mmoja alidai wa upande wake njo watamu zaidi.

Siku ya kuondoka kwenda kambini, Bibi alimpa mama sufuria. Ilikuwa kuukuu, imepigwa kiraka chini. Mama hakuwa amemwambia habari ya ile iliyopotea. Mwanamke anamtazama mwanamke mwenzake mikono, anajua kinachokosekana.

Tukapelekwa Lugufu. Wengi wenu muliishi kule ao Nyarugusu, sina haja ya kuwaeleza turubai, foleni ya maji, kadi ya HCR, posho ya unga wa mahindi na maharage. Mtoto mdogo wa nyumba yetu alizaliwa kule. Tulikuwa haturuhusiwi kupita kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, basi baba, mtembea milima, alizunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa. Lakini kitu kilichomvunja zaidi ni kupokea. Kila siku unapokea. Unapokea unga, unapokea sabuni, unasema asante, unaweka kidole. Miaka inapita na hakuna mtu anayekuja kuomba kitu kwako, kwa sababu kila mtu anajua huna.

Siku moja, mwaka 1998, Bibi akafika. Alikuwa amesikia kwamba mama amejifungua, akapanda treni, kisha akatembea, na gunia la dagaa kichwani. Usiku uliingia, haikuwezekana arudi. Mama akatoa ile sufuria ya kiraka. Akapika unga wa posho, maharage ya posho, na dagaa kidogo za Bibi mwenyewe. Baba akampa kitanda cha miti, sisi wote tukalala chini. Nilimwona baba usiku ule ameketi mlangoni, akieleza hadithi kwa sauti kubwa, kama zamani. Asubuhi alimsindikiza mgeni wake mpaka pale mwisho wa ruhusa, akasimama, akapunga mkono. Aliporudi akamwambia mama: "Leo tumekuwa watu tena."

Nimefanya kazi katika miradi mingi tangu hapo. Nimeandika ripoti za mahema, za mbegu, za vyoo. Sijapata kuona msaada uliomsimamisha baba yangu kuliko ule, wa mtu aliyekuja kuomba mahali pa kulala kwake.

Mwaka 2005 meli ya Mwongozo ikaanza kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Sisi tulirudi 2007. Nilikuwa na miaka 18 na Kiswahili changu kilikuwa kimebadilika. Pale Baraka nilimsalimu mzee mmoja "shikamoo", vijana wakacheka: "Watanzania wamefika!" Kwa hiyo kule nilikuwa Mkongomani, na huku nimekuwa Mtanzania. Ninyi mliopita njia hiyo munajua kwamba siku ya kurudi si lazima iwe siku ya kufika.

Tulipofika Mboko, nyumba yetu ilikuwa na watu. Familia ya kutoka milimani, iliyokimbia mapigano ya kule juu, ilikuwa imekaa humo miaka sita. Paa walikuwa wamelitengeneza wao. Shamba letu lilikuwa na muhogo wao. Yaya wangu alikuwa amebeba jembe la HCR begani, na namna alivyolishika sikupenda.

Baba akabisha hodi. Nyumba yake mwenyewe, na akabisha hodi. Mama mmoja akatoka. Akatuona, akaona mizigo, akajua. Mikono yake ilitetemeka. Baba akamwambia: "Mama, tumetoka mbali. Unaweza kutupa maji ya kunywa?"

Akatuletea maji. Kisha akaleta viti. Baba akanywa taratibu, akauliza habari za watoto, na ndipo yule mama akasema mwenyewe: "Najua hii nyumba iko ya nani. Tulikuwa tunaikalia tu. Mwingie, mlale. Kesho tutaita shefu." Usiku ule tulilala wageni katika nyumba yetu, na sombe iliyopikwa na mwanamke ambaye, kesho yake, tungemwambia atoke.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa laini. Shefu na wazee walikaa nasi mara nne. Wakakubaliana kwamba familia ile ibaki upande mmoja wa kiwanja mpaka wavune muhogo wao, na muhogo, mnajua, unataka mwaka na zaidi. Baba alikubali. Yaya hakukubali. Alisema baba anagawa urithi wa watoto ili asifiwe kanisani. Akaenda Uvira, na kwa miaka mitatu hakukanyaga nyumbani. Ukarimu wa baba ulitugharimu yaya, na sijui kama baba aliwahi kuilipa hesabu hiyo moyoni. Leo wameelewana, lakini kuna maneno ambayo hawasemi.

Sasa nije kwenye sehemu yangu, ambayo nimeificha muda mrefu.

Mwaka 2015 Warundi walianza kuvuka. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Bukavu, nimepata kazi ya kwanza, na nilivaa jile yenye mifuko minne. Kambi ya Lusenda ilikuwa bado haijafunguliwa, na watu walikuwa wanaingia katika nyumba za kando ya ziwa. Jioni moja, mvua inaanza, mama Mrundi alisimama mlangoni kwetu na watoto wawili. Mmoja alikuwa amefungwa mgongoni, kimya. Nilikuwa peke yangu. Nikamweleza vizuri, kwa adabu, kama tulivyofundishwa: "Mama, uende kwanza kwa wale wanaoandika watu. Wakiisha kukuandika, utaonyeshwa mahali." Hakusikia Kiswahili sana, lakini alielewa mkono wangu uliokuwa unaonyesha barabara. Akaenda.

Mama yangu alirudi kutoka ziwani na ndakala zake. Jirani alikuwa amekwisha kumwambia. Hakuniuliza kitu. Aliweka kapu chini, akachukua kikwembe, akatoka katika mvua. Akawapata chini ya baraza ya kapela. Yule mtoto wa mgongoni alikuwa na homa kali. Usiku uleule mama na baba wakampeleka kituo cha afya, na akapona. Walikaa kwetu mpaka walipohamishiwa Lusenda.

Mama hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne akaniambia neno moja tu: "Kama yule Bibi angekuwa na kalamu yako, wewe ungekuwa wapi?"

Sisemi orodha ni mbaya. Bila orodha, mwenye nguvu anachukua mara mbili na mjane anakosa. Ninaishi kwa orodha na nitaendelea kuziandika. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba maji yanatangulia. Baba, mbele ya nyumba yake iliyokaliwa, alianza na maji. Bibi alianza na uji. Mimi, mwenye diploma, nilianza na karatasi.

Mngeweza kufikiri kwamba hadithi imeisha hapo, na kwamba ninataka kuwaambia tuwe wakarimu kama wazazi wetu. Hapana. Nilipokuwa natayarisha maneno haya, nilikwenda kumsomea mama. Alikuwa anachagua maharage. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ni vizuri. Lakini umesema sana juu ya baba yako. Baba yako alikuwa anasema karibu. Mimi njo nilikuwa natafuta sombe."

Kisha akanihesabia mambo ambayo sikuwahi kuyaandika katika ripoti yoyote. Vikwembe viwili alivyouza mwaka ule wa Warundi, ili kununua unga. Safari za maji alizoongeza, asubuhi na jioni, kwa sababu watu wameongezeka na ndoo hazikuongezeka. Usiku aliolala bila kula akisema ameshiba. Dada yangu aliyekosa shule muhula mzima, mwaka tuliporudi, kwa sababu kazi ya nyumba ilizidi. "Baba yako aliheshimiwa," akasema, "na alistahili. Mimi nilizeeka."

Wapendwa, kama tunafunga Kapu la Mgeni, wageni hawataacha kuja. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Bukavu, mliona wenyewe barabara hii namna ilivyojaa, watu na magodoro, wengine wakitafuta boti za kwenda Kigoma kama sisi zamani. Wengi wa wanaokimbia huku mashariki hawalali kambini, wanalala katika nyumba za watu. Tukifunga kapu, watalala katika nyumba zilezile. Kitakachobadilika ni mtu anayelipa. Sasa tunalipa sisi wote, franga 1000 kila mmoja. Kesho atalipa mwanamke wa nyumba peke yake, kwa kikwembe chake na mgongo wake, na binti yake atalipa kwa daftari lake la shule. Sisi wababa tutaendelea kusema karibu mlangoni, na kusifiwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu.

La kwanza, tuendelee kuchanga, hata kama ni franga 500. Kapu dogo lisilokatika ni bora kuliko kubwa linalojaa mwezi mmoja.

La pili, kitu cha kapu kipewe mikononi mwa mwanamke anayepika, na jina lake njo liandikwe, si la mume. Najua wazee wengine watanung'unika. Wanung'unike.

La tatu, tufuate ule msemo wa siku tatu. Siku mbili za kwanza, maji, chakula, mkeka, hakuna maswali. Siku ya tatu, mgeni aandikwe, na aonyeshwe kazi: salongo, shamba, kuteka maji. Si kumtesa. Baba yangu alipotengeneza ua wa Bibi, alilala vizuri usiku ule. Mtu anayepokea tu kila siku anakufa polepole, na sisi tuliotoka Lugufu tunaujua ugonjwa huo.

Kwa marafiki wafadhili: tunawashukuru kwa mbegu na mabati, vimesaidia. Ninaomba mkumbuke nyumba zinazopokea. Mradi unapokuja kwa waliokimbia, jirani aliyewapa chumba anatazama tu gari likipita. Mpatie ndoo na yeye. Na siku mkija kututembelea, msilete chakula chenu ndani ya gari. Kaeni, mle cha kwetu. Mtatusaidia kuliko mnavyodhani.

Bibi alifariki kabla baba hajapata nauli ya kurudi kumwona. Baba alikwenda baadaye, akaonyeshwa kaburi, akasimama pale na kofia mkononi. Mjukuu wake mmoja, ambaye tulilala naye mkeka mmoja, sasa ni fundi wa boti, na kila mwaka mpya anatupigia simu. Akivuka kuja Baraka, analala kwetu. Sufuria ya kiraka bado iko kwa mama. Imetobolewa mara mbili na kuzibwa mara mbili. Nilitaka kumnunulia mpya, akakataa. Alisema nimnunulie kikwembe.

Nimemununulia viwili.

Sasa komite itaongoza kura. Baada ya kura kuna chakula, na wamama wako jikoni tangu saa kumi na moja ya asubuhi, hawajasikia hata neno moja la maneno haya mazuri. Wababa, na mimi pamoja nanyi, tukimaliza kula, sahani tutaosha sisi.